Boila Litoke, Meko Yabaki

Ndugu wasomaji, na hasa nyinyi akina mama mnaokaa makambini pamoja na waume zenu askari wa jeshi na polisi, ukurasa huu aghalabu hutueleza habari za mapishi, malezi na usafi wa nyumba. Leo naomba nafasi niwaeleze habari za nyumba ya ugenini, iliyoko katika mji wa Leicester, Uingereza, ambamo mimi na mume wangu tunaishi tangu mwaka 1991. Habari yenyewe ni ya boila kuukuu lililojificha nyuma ya meko, na jinsi lilivyotolewa na meko yakabaki. Yamkini mtu atauliza: sisi tunaopikia sigiri, yatuhusu nini maboila ya Wazungu? Yanatuhusu sana, maana hewa iliyokuwa ikituvizia sebuleni mwetu ndiyo ile ile inayotuvizia tunapoingiza sigiri chumbani usiku wa baridi.

Hapana budi nianze na chombo chenyewe, kwa kuwa huko nyumbani hakipo. Nyumba nyingi za Waingereza zilizojengwa kabla ya Vita Kuu ya Pili zilikuwa na meko ya makaa ya mawe karibu katika kila chumba, na dohani ya matofali iliyopanda hadi juu ya paa. Moshi wa makaa hayo ulikuwa balaa. Mwezi wa Desemba 1952 ukungu uliochanganyika na moshi uliufunika mji wa London kwa siku kadhaa ukaua watu kwa maelfu, na mwaka 1956 ikatungwa sheria ya hewa safi. Watu wakaanza kuacha makaa na kushika gesi. Kisha, kati ya mwaka 1967 na 1977, nchi nzima ikabadilishiwa gesi, kutoka ile iliyotengenezwa viwandani kwa makaa hadi ile inayochimbwa chini ya Bahari ya Kaskazini, na mafundi wakapita nyumba kwa nyumba wakirekebisha kila jiko.

Hapo ndipo watengenezaji walipolitumia pengo la meko ya zamani. Ndani ya dohani, mahali makaa yalipokuwa yakiwaka, waliweka boila dogo la chuma la kupasha maji. Mbele yake, upande wa sebule, wakafunga meko ya gesi yenye vigae vya udongo ambavyo vikishika moto huwa vyekundu kama makaa halisi. Vyote viwili vilitoa moshi wao kwa bomba moja. Meko yalipasha sebule; boila lilipasha maji ya kuoga, yaliyowekwa katika pipa la shaba kabatini ghorofani, na maji yaliyozunguka katika rejeta za vyumba vyote. (Rejeta hizo ni ndugu wa rejeta ya motokaa, ila ile ya motokaa kazi yake ni kuupoza injini, na hizi kazi yake ni kumpasha mwenye nyumba.) Mgeni akikaa sebuleni hajui kabisa kwamba nyuma ya ule moto mzuri lipo boila linalounguruma.

Lililopata sifa kuliko yote liliitwa Bermuda, la kampuni ya Baxi ya jimbo la Lancashire. Nalitaja kwa sababu moja inayonipendeza: mwaka 1983 mwenye kampuni hiyo, Philip Baxendale, aliikabidhi mikononi mwa wafanyakazi wake kwa bei iliyokuwa chini mno ya thamani yake. Letu sisi lilikuwa la kampuni nyingine, na tulilikuta ndani ya nyumba tulipoinunua.

Sasa nimweleze mume wangu. Baba Rehema aliandikishwa jeshini mwaka 1974, akatumika miaka kumi na miwili, na sehemu kubwa ya utumishi wake aliimaliza katika stoo akiwa sajenti. Mimi nilitangulia Uingereza kwa kazi ya uuguzi, naye akanifuata mwaka 1987. Mtu wa stoo ni mtu wa stoo hata akistaafu: kila hati imo katika sanduku la bati, kila ufunguo una lebo. Magoti yake yamechoka, na baridi ya mwezi wa Januari humwingia mifupani. Kila jioni huvuta kiti chake mbele ya meko, hunyoosha miguu, na hapo ndipo nyumba yetu inapoanza kuwa nyumba. Siku za Jumapili huja wazee wenzake watatu wanne, wote walikuwa askari, wakaketi nusu duara kama watu wazungukao mafiga, wakahesabu waliokufa na waliobakia. Wanetu walipokuwa wadogo walifanyia kazi zao za shule pale pale. Vyumba vingine vyote vilikuwa na joto la rejeta, lakini hakuna aliyekaa humo. Baba Rehema ana msemo wake: rejeta hupasha chumba, bali haikusanyi watu.

Mwezi wa Oktoba 2014 alianza kulalamika kichwa. Mimi wakati huo nilikuwa zamu za usiku hospitalini, kwa hiyo sikuketi naye jioni. Akaniambia pia kwamba anasikia kichefuchefu na kizunguzungu, na kwamba akienda dukani au msikitini hupona, na akirudi humshika tena. Ndugu wasomaji, muuguzi akisikia ugonjwa unaomwacha mtu nje ya mlango na kumngojea ndani, hana haja ya kusikia zaidi. Nilikwenda kuyatazama meko. Mwali uliokuwa wa buluu ulikuwa wa manjano na mlegevu, na ukutani juu yake palikuwa na doa la masizi kama kivuli cha mkono. Nikazima, nikafungua madirisha, nikapiga simu ya dharura ya gesi. Alikuja kijana katika muda usiotimia saa moja, akapima hewa, akafunga gesi, akabandika karatasi nyekundu kwamba chombo hiki ni cha hatari na mtu asikiguse. Baba Rehema alipelekwa kupimwa damu, na hewa ya sumu ikaonekana imo. Alipewa oksijeni na kurudishwa nyumbani siku ya pili.

Hewa hiyo ni kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, wala haichomi koo. Huzaliwa pale moto unapokosa hewa ya kutosha, au moshi unapokosa njia ya kutokea. Mtu akiivuta, huishika himoglobini ya damu, ile inayobeba oksijeni, nayo huing'ang'ania kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Kwa hiyo damu hujaa huku moyo na ubongo vikiona njaa. Mtu huanza kwa kuumwa kichwa, kisha hulegea, kisha usingizi humchukua, na aliyelala hapati hata nafasi ya kuondoka.

Mimi niliijua kabla sijaijua kwa jina. Baba yangu alikuwa konstebo, nami nimekulia katika kambi za polisi. Tulipokuwa katika kambi moja ya nyanda za juu, ambako usiku baridi hukata, jirani yetu, mke wa konstebo mwenzake baba, alipika jioni nje, kisha akaingiza sigiri ndani ili mtoto wake mchanga asione baridi, akaziba nafasi ya chini ya mlango kwa gunia. Mumewe alikuwa lindo. Aliporudi alfajiri aligonga bila kujibiwa. Mimi nilikuwa na umri wa miaka tisa, na ndimi niliyetumwa kumwita mama yangu. Walikuwa wamelala vizuri, mtoto kifuani, hakuna alama ya jeraha wala ya moto. Watu wa kambi walisema wamerogwa, na yule konstebo akaondoka akiamini hivyo. Daktari ndiye aliyesema ni hewa ya makaa, lakini daktari alikuja baada ya maneno kwisha kuenea. Makaa yakishakoma kutoa moshi, mtu hudhani yamekuwa safi, kumbe ndipo hewa hiyo inapotoka kwa wingi bila kuonekana. Siku ile Baba Rehema alipolazwa, sikumfikiria mtu mwingine ila mama yule na gunia lake.

Kwa hiyo neno langu la kwanza lilikuwa kwamba kila kitu kitolewe, boila na meko pamoja, na dohani izibwe kwa matofali. Baba Rehema, akiwa bado hana nguvu, alikataa. Hakubishana. Alisema tu, "Mama Rehema, boila litoke, meko yabaki," na akageuka akalala. Tulikaa siku tisa bila gesi, tukioga kwa maji ya birika, na katika siku hizo hatukuzungumza sana. Binti yetu Rehema alikuwa upande wangu. Wazee wa Jumapili walikuja wakakaa na makoti yao mwilini, wakaondoka mapema.

Mfanyabiashara wa kwanza tuliyemwita, wa kampuni moja mjini, alitazama kwa dakika kumi, akasema sheria inakataza meko kubaki boila likitolewa, na kwamba tununue boila la aina mpya lisilohitaji pipa. Alitaka paundi 3,400. Nilimwomba anionyeshe sheria hiyo. Akasema ni sheria inayojulikana. Nikamshukuru nikamfungulia mlango. Ingawa maneno yake yaliniunga mkono mimi na kumpinga mume wangu, sikupenda kupewa ushindi kwa uongo.

Wa pili alikuwa mzee wa Kihindi, fundi wa gesi mwenye kitambulisho cha Gas Safe Register. Daftari hilo ndilo lililochukua nafasi ya lile la zamani tarehe 1 Aprili 2009, na fundi asiyeandikishwa humo haruhusiwi kugusa gesi. Nyuma ya kitambulisho huandikwa kazi ambazo mwenye nacho amepasi, kwa hiyo geuza kadi, usisome upande wa picha tu. Alipovua viatu mlangoni aliona kikapu changu cha ukindu, akanitazama, akasema, "Mama, natoka wapi? Uganda?" Alizaliwa Jinja. Baba yake alikuwa na duka la vitambaa, na Agosti 1972, Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 za kuondoka, yeye alikuwa na miaka kumi na sita. Familia yake ilifika Leicester, ingawa halmashauri ya mji wakati huo ilikuwa imetoa tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasije. Kiswahili chake kilikuwa kile cha dukani, kimekaa zaidi ya miaka arobaini bila kutumiwa, na alikitoa kwa furaha kama mtu afunguaye kabati la ujana wake.

Kisha akamwona Baba Rehema kitini na picha yake ya jeshi ukutani. Akanyamaza. Akauliza kwa sauti ya chini, "Mzee, wewe 1972 nakuwa wapi?" Mume wangu akamjibu kwamba alikuwa shule, Arua, na kwamba jeshini aliingia miaka miwili baadaye. Yule fundi aliitikia kwa kichwa, akapokea chai niliyokuwa nimeishika mkononi muda wote huo, akapiga magoti mbele ya meko.

"Hii moto iko mbaya, mama," akasema, "lakini si yeye nakosa. Boila nakosa, na bomba."

Akatueleza jambo ambalo yule wa kwanza hakulieleza. Sheria haisemi meko yatolewe. Sheria iliyoanza tarehe 1 Aprili 2005 katika Uingereza na Wales ilitaka kila boila jipya la gesi liwe la aina inayopoza moshi wake, isipokuwa pale penye kizuizi cha kweli, na kwa sababu hiyo viwanda vingi vikaacha kutengeneza maboila ya nyuma ya meko. Vipuri vikawa adimu. Basi kulipatia boila letu mrithi wa kukaa mahali pake kulikuwa kugumu, hilo ni kweli. Lakini meko ni habari nyingine. Meko na boila huidhinishwa pamoja kama jozi, na ukitoa boila, meko yamepoteza egemeo lao na njia ya moshi wao. Yataruhusiwa kuwaka peke yao iwapo tu maelekezo ya mtengenezaji yanasema hivyo, na kwa vifaa anavyovitaja. Yasiposema, hununuliwa meko mapya ya gesi yanayofaa pengo hilo. "Kitabu yake," akasema yule fundi, "kama iko."

Baba Rehema alinyanyuka kwa magoti yake yale, akapanda ghorofani, akarudi na sanduku la bati. Kijitabu kilikuwamo, cha watu waliokaa humo kabla yetu, kimefungwa kwa uzi pamoja na risiti ya mwaka 1978. Katika ukurasa wa nyuma kabisa iliandikwa kwamba meko ya namba ile yanaweza kutumika bila boila, yakifungwa kwenye kisanduku cha chuma chenye namba fulani. Ilibaki kukipata kisanduku. Fundi alikitafuta siku mbili, akakikuta kwa muuza vifaa vya zamani, bado kimo katika karatasi yake. Sikuwa na la kusema tena, ila nilitoa sharti langu: vipimo vyote vifanywe mbele yangu, na nisiporidhika, mimi ndimi nitakayeamua. Baba Rehema alikubali bila kunung'unika.

Yeye aliwahi kupendekeza boila lifungwe tu maji na gesi, liachwe humo humo ndani ya dohani lisituletee gharama. Fundi alikataa kwa ukali. Alisema boila lililoachwa nyuma ya moto, likiwa limezibwa huku na huku na maji yamebaki ndani, huchemka bila mvuke kupata pa kutokea, nalo hupasuka kama bomu. Wakuu wa usalama kazini wa Uingereza walikwisha kutoa onyo juu ya maboila ya namna hiyo yaliyoachwa nyuma ya meko ya makaa, kwa kuwa watu wamekufa. Boila lisilotumika hutolewa, au likibaki, humwagwa maji na kutobolewa.

Kazi ilichukua siku tatu. Boila lilipotolewa lilikuwa zito kuliko umbo lake, na nyuma yake ndipo palipoonekana chanzo cha mambo. Ndani ya dohani lilikuwamo bomba jembamba la chuma, lililoteremshwa zamani ili libebe moshi. Lilikuwa limelika, lina matundu ya kupita kidole, na kofia yake ya juu ya paa ilikuwa imeanguka, ndege wakajaza vijiti. Moshi wa moto hupanda kwa kuwa ni mwepesi kuliko hewa ya baridi. Ukivujia katika dohani pana ya matofali yaliyopoa, nao hupoa, huwa mzito, hurudi chini, na njia ya kurudia ni sebuleni. Mwaka uliotangulia fundi mwingine alikuwa amekagua na kuona sawa. Kofia ilianguka baadaye, katika dhoruba ya baridi.

Mwana wa fundi alipanda juu ya paa akateremsha bomba jipya la chuma kisichoshika kutu, upana wake milimita 125, likafungwa juu kwa kofia yenye wavu. Chini, lile pengo likazibwa kwa bamba, kisanduku kikawekwa mbele, na nyuma yake pakaachwa nafasi ya kuangukia takataka ili zisizibe mdomo wa moshi. Kisha meko yakarudishwa mahali pao, yamesafishwa, na vigae vipya vya udongo.

Sasa kipimo. Kwanza alichoma kidonge cha moshi ndani ya pengo kuona kama dohani inavuta. Baadaye, meko yakiwa yamewaka kwa muda, alifunga milango na madirisha yote, akaenda jikoni akawasha feni ya kutolea harufu ya chakula. Nikamwuliza ya nini. Akasema feni ile hunyonya hewa ya nyumba nzima, na nyumba iliyofungwa ikikosa hewa huivuta kutoka dohani, moshi ukashuka nayo. Meko yanayopita mtihani feni ikiwa imezimwa yanaweza kushindwa ikiwa inazunguka, na mke wa mtu huipikia samaki kila siku. Akashika kijiti chenye moshi kandokando ya ukingo wa juu wa meko. Mimi nilipiga magoti karibu naye nikatazama. Moshi ulikwenda ndani, wote, pembe hadi pembe. Akarudia mara ya pili kwa sababu nilimwomba.

Boila jipya liliwekwa ukutani jikoni. Hili haligusi hewa ya chumba hata kidogo: huvuta hewa kutoka nje na kutoa moshi nje kwa bomba lake lenyewe. Huupoza moshi mpaka mvuke ulio ndani yake unageuka maji, na joto lile lililokuwa likipotea angani hurudi kwenye rejeta. Katika kila shilingi 100 za gesi, boila la zamani lilikuwa likitupa angani thelathini au zaidi. Hili hutupa kama kumi. Maji yanayodondoka yana ukali wa asidi kidogo, kwa hiyo hupitishwa katika bomba la plastiki. Fundi alilielekeza kwenye bomba la sinki kwa ndani, asikubali lipite nje ya ukuta. Desemba 2010, iliyokuwa baridi kuliko Desemba zote tangu takwimu za taifa zilipoanza mwaka 1910, mabomba ya namna hiyo yaliyopita nje yaliganda barafu, na maboila yakazimika katika nyumba nyingi siku zile zile watu walipoyahitaji.

Pipa la shaba tuliliacha. Boila lisilo na pipa hupasha maji papo hapo, nalo ni zuri kwa nyumba yenye watu wachache, lakini likiharibika huna maji ya moto hata kikombe. Pipa letu lina kipasha maji cha umeme ndani yake. Gesi ikikatika tunaoga. Tena kabati lake lina joto la kadiri, na ndimo ninamoumulia unga wa mandazi. Ilibidi tu kuongeza vali ya umeme na kubadilisha mabomba, kwa kuwa zamani maji yalipanda kwenye pipa yenyewe kwa wepesi wa joto, na boila jipya lataka yasukumwe kwa pampu. Rejeta zilipooshwa zilitoa tope jeusi la kutu, jeusi kama maji ya kuoshea sufuria, na sasa ipo sumaku katika bomba la kurudia inayonasa tope hilo.

Gharama yote ilikuwa paundi 2,950. Ni fedha nyingi, nami nilizifanyia zamu za ziada hadi Pasaka. Bili ya gesi ya majira yale ya baridi ilipungua karibu robo.

Kengele ya kaboni monoksaidi tuliinunua siku ile ile Baba Rehema alipotoka hospitali, na nyingine nimeipeleka kwa dada yangu huko nyumbani, anayekaa na mumewe kambini. Ni kijisanduku cha betri. Hakigharimu zaidi ya jozi ya viatu vya mtoto. Mwenye uwezo na anunue. Asiye na uwezo, sigiri ilale nje, hata ikiwa imefunikwa majivu, hata mvua ikinyesha, na mtoto avikwe blanketi la pili. Askari aliye lindo usiku na awaachie wa nyumbani neno hilo kabla hajatoka, maana yeye hatakuwapo kufungua mlango.

Yule fundi amestaafu, na sasa mwanawe ndiye ajaye kila Oktoba na kijiti chake cha moshi. Karatasi ya kila ukaguzi imo katika sanduku la bati, imepigwa namba. Wazee wa Jumapili wamebaki wawili. Siku hizi serikali ya Uingereza yawataka watu wahamie kwenye mitambo ya umeme inayovuta joto kutoka hewa ya nje, na Oktoba 2023 ilipandisha msaada wake kutoka paundi 5,000 hadi 7,500 kwa nyumba itakayobadilisha. Rehema ametuletea fomu. Baba yake ameisoma yote kwa miwani yake miwili, akaandika pembeni kwa kalamu ya risasi kwamba mtambo waweza kuwekwa uani, karibu na banda, mradi meko yasiguswe.